Kikombe Kimoja kwa Kila Pembe

Jirani yake, yule anayeuza nyuzi na vifungo, aliwahi kumuuliza swali siku moja walipokuwa wakianua nguo uani. "Hivi mwenzangu," alisema, vibanio viwili bado viko mdomoni, "gari lina vioo mbele, nyuma na ubavuni. Kulikuwa na haja gani tena ya kulitoboa utosini?"

Mama Kikombe si mtu wa kujibu kwa pupa. Alikunja shuka lake kwanza, pembe kwa pembe, akalilaza kwenye beseni. Kisha akamuuliza mwenzake huwa anafanyaje akitaka kujua kama mvua itanyesha. Jirani akasema si anatoka nje anaangalia juu. "Basi," akamwambia, "aliyekaa ndani ya gari hawezi kutoka. Ndiyo maana wakalitoboa."

Jirani alicheka mpaka kibanio kimoja kikamtoka, akasema hilo ni jibu la mtu anayetetea kazi yake. Na kweli ilikuwa kazi yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini Mama Kikombe amekuwa akitengeneza yale madirisha ya kioo yanayofunguka paani kwenye magari, ambayo wengi huyaita sanrufu. Injini haijui, breki hagusi, na mtu akimuuliza habari za giaboksi anamwonyesha kwa kidole upande wa pili wa gereji, aliko shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye gereji ni yake. Yeye ana kona yake tu kwenye ukuta wa nyuma: turubai juu, benchi la mbao, cherehani ya zamani, pipa la maji, na msumari mmoja ukutani. Kwenye msumari huo kinaning'inia kikombe cha bati cha rangi ya buluu, kimebanduka mdomoni. Hicho ndicho kilichompa jina, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye vyeti na midomoni mwa dada zake.

Hakuanza na maji. Alianza na sindano. Alipomaliza shule ya msingi, mama yake mdogo alimfundisha kushona foronya na mapazia, na alipoolewa alikuja na cherehani yake. Shemeji alipofungua gereji alikuwa na magari yenye viti vilivyochanika na hana wa kuvishona, akamwomba. Kutoka kwenye viti akapanda juu, kwenye kitambaa cha ndani ya paa, kile kinacholegea kikazeeka kikaning'inia kama chandarua juu ya vichwa vya abiria. Kukibandika upya ni kazi ya kulala chali juu ya viti, mikono hewani, gundi inakudondokea kwenye nyusi. Mafundi wa kiume waliikimbia. Yeye hakuona tabu. Hata leo husema amelala kwenye magari zaidi kuliko wenyewe walivyoyaendesha.

Ni katika kulala huko alipoanza kuyaona madoa. Yalikuwa ya rangi ya chai, yamekaa pembeni siku zote, na siku zote yalikuwa kwenye magari yenye dirisha la juu. Anabandika kitambaa kipya, safi, kimenyooka kama kifua cha askari wa gwaride. Mvua ikinyesha mara moja mteja anarudi, na doa lipo palepale, kana kwamba lilikwenda kutembea tu. Mama Kikombe akaona huku ni kumla mtu pesa bure, na yeye ni mcha Mungu, hawezi kulala na jambo la namna hiyo. Akaamua kutafuta maji yanaingilia wapi.

Akapata gari la mwalimu mkuu wa shule waliyosoma watoto wake. Akalifungua dirisha la juu, akachungulia, na akaona mfereji mwembamba umezunguka kioo. Katika kila pembe ya mfereji palikuwa na kijitundu, kiasi cha kuingia ncha ya penseli. Vijitundu vinne. Akajipiga paja kwa furaha. Ndio hawa wezi, akasema. Akachukua silikoni, ile gundi ya kuzibia, akaviziba vyote vinne vizuri, akasawazisha kwa kidole, akamrudishia mwalimu mkuu gari lake na kumhakikishia kwamba maji sasa yatafute nyumba nyingine.

Ilinyesha usiku kucha kuamkia siku ya wazazi. Asubuhi mwalimu mkuu akavaa suti yake ya kijivu, akaendesha taratibu mpaka getini, ambako shule nzima ilikuwa imejipanga mistari miwili kumpokea. Akakanyaga breki. Maji yote ya usiku ule, yaliyokuwa yamejaa kwenye mfereji kama beseni lisilo na pa kutokea, yakaja mbele kwa mkupuo mmoja yakammwagikia kichwani. Wanasema alishuka garini anadondosha maji kwenye kola, akawaambia wanafunzi habari za asubuhi, na wanafunzi wakaitikia kwa sauti ambayo haijawahi kusikika tena.

Mama Kikombe alikwenda kumwomba radhi kwa miguu yake, na njia nzima alikuwa anasali mwalimu yule asiwe amepata homa. Alimkuta ofisini amevaa koti la kuazima, suti imeanikwa dirishani. Alitarajia kufokewa. Mwalimu mkuu alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa unajua yanapojaa, mama. Kajifunze yanapotokea."

Alirudi gereji na maneno hayo. Nyuma ya ukuta kulikuwa na gari bovu lililokatwakatwa, limebaki paa na nguzo zake tu, kuku walilala humo. Aliwaondoa kuku, akaomba lile paa liinuliwe juu ya mapipa manne, akachukua kikombe cha kunywea maji cha nyumbani kwake. Mwezi mzima, kila akimaliza kushona, anamimina kikombe kimoja kwenye pembe moja kisha anainama kuangalia. Mafundi walimcheka, wakauliza paa hilo litaota lini na kama linahitaji mbolea. Yeye anamimina tu. Mwisho akaelewa jambo ambalo mpaka leo wateja hawaliamini akiwaambia: ule mpira unaozunguka kioo haukuwekwa kuzuia maji yote. Mvua inaingia kwenye mfereji, na imeachwa iingie makusudi. Kile kijitundu si cha kuingizia maji, ni cha kuyatolea. Kila kimoja kinashika mpira mwembamba kama mrija, unaoshuka ndani ya nguzo ya gari, kimyakimya, mpaka chini karibu na gurudumu, na maji yanadondokea huko nje bila abiria kujua kwamba yamepita ubavuni mwake. Majani, vumbi na mabuu vikiziba mpira huo, mfereji unafurika, na maji yanashuka kwenye kitambaa.

Tangu hapo anafanya kazi kwa namna yake. Hataki maji ya bomba, anasema bomba linapiga kelele. Anamtaja Mungu, anashusha kikombe msumarini, anamimina kikombe kimoja pembe ya kwanza, anapiga goti karibu na gurudumu na kutega sikio. Maji yakidondoka chini kwa mfululizo, tiririri, anahamia pembe ya pili. Yakisita, anajua kuna uchafu. Waya hautumii, kwa sababu waya unatoboa mpira ukiwa ndani ya nguzo na hakuna atakayeona. Anatumia ule uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi, anausukuma taratibu huku anauzungusha katikati ya vidole, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano gizani. Reli za kioo anazifuta grisi ya zamani iliyoshika mchanga kabla hajatia mpya, maana mchanga ndio unaoua mota inayosogeza kioo. Mpira wa kioo anaupaka poda ya watoto usigande. Mwisho anakifunga kioo juu ya kipande cha gazeti, anavuta. Gazeti likitoka kirahisi upande mmoja na likagoma upande mwingine, kioo kimekaa mshazari, anaanza upya.

Na kwa kuwa hapendi kumdanganya mtu, akiulizwa kama sanrufu ni nzuri hasemi ndiyo wala hapana. Atakwambia gari lililokaa juani ukilifungua kwa juu ni kama kufunua sufuria, joto lote linapanda linakwenda zake, na mtoto anayetapika safarini anapata nafuu kuliko kwa dirisha la pembeni linalomrushia vumbi. Atakwambia pia kwamba saa sita mchana mwenye upara atalijutia, na mrefu atagonga kichwa kwa sababu vyuma vya dirisha vimekula nafasi, na likizeeka litapiga kelele barabara mbaya mpaka mkosane na mkeo mkidhani ni yeye anayenung'unika. Mota ikifa wakati kioo kiko wazi na wingu limetanda, atakuuliza kama unajua ule ufunguo mdogo wa kuzungushia kwa mkono umefichwa wapi garini mwako. Wengi hawajui. Jambo moja tu ndilo linalomfanya apandishe sauti: mzazi anayewaachia watoto wasimame vichwa nje gari likiwa linakwenda. Kuna baba mmoja mzima na tai yake aliyesimamishwa getini mwa gereji akaambiwa awashushe wanawe kwanza ndipo asalimiwe.

Gari lililomtia kwenye mtihani mkubwa kuliko yote liliingia siku ya Jumanne. Lilikuwa la fundi wa majokofu, mwanamume wa makamo, mpole, ambaye ilionekana wazi kuwa hajalala vizuri kwa muda mrefu. Kiti cha abiria cha mbele kilikuwa kimelazwa mpaka nyuma, na juu yake amelala mama yake, amefunikwa kanga mpaka kifuani. Hakuwa na mtu wa kumwachia nyumbani, ndiyo maana akaja naye. Mama huyo alikuwa mkunga zamani. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na shingo, na kikaondoka na karibu maneno yake yote. Kila Jumatatu na Alhamisi mwanawe humpeleka hospitali kunyooshwa viungo, na jana yake, Jumatatu, mvua iliwakuta njiani ikaingia kupitia paani ikamdondokea mama usoni. Hawezi kugeuza kichwa wala kujifuta. Mwanawe alisimamisha gari katikati ya barabara, magari yanampigia honi nyuma, akampangusa kwa shati lake alilolivua.

"Ziba tu, mama," alimwambia Mama Kikombe. "Bati juu, gundi, basi. Nimechoka."

Shemeji alikwishafika na futi yake mkononi. Alikuwa ameshapima na bati ameshalikata, limeegemezwa ukutani. "Shemeji, leo usituletee mambo ya kikombe," alisema. "Mgonjwa huyu."

"Wewe rudi kwenye injini, shemeji," akamjibu. "Huku juu hujaalikwa."

Mafundi wakacheka, na shemeji naye akacheka, lakini futi hakuiweka chini.

Mama Kikombe alifanya anachofanya siku zote. Alifungua mlango wa nyuma, akamsalimu mkunga kwa heshima zote, akamwomba ruhusa, akalala chali kwenye kiti cha nyuma ili alione doa. Doa lilikuwepo, kubwa kama sahani, nyuma kushoto. Lakini akiwa pale macho yalimponyoka yakaenda kwenye kioo. Kile kipazia cha ndani kinachofunika kioo kilikuwa kimevutwa nyuma. Wingu jeupe lilikuwa linapita pole pole, likakatwa na nyaya za umeme, likaungana tena. Ndege mmoja alitua kwenye waya akaondoka. Kutoka kiti cha mbele ilikuja sauti ndogo, kavu. "Juu," ilisema.

Alimuuliza yule fundi wa majokofu mama ana maana gani. Akaeleza, huku anaangalia pembeni, kwamba mama amebakiwa na maneno matatu: maji, juu, na jina la utotoni la mwanawe. Nyumbani kitanda kiko ukutani, dirisha liko nyuma ya kichwa chake, anachokiona ni mbao za dari. Kwenye gari husema hilo neno mara kwa mara. Alidhani ni kiharusi tu kinamsemesha.

Mama Kikombe aliangalia juu tena. Wote waliokuwa pale wanajua dari kwa kuitazama dakika moja. Yeye amelala chini ya dari miaka ishirini na zaidi, na hata yeye ikifika jioni huinuka akaenda nyumbani. Alitoka garini akajifuta mikono kwa aproni, akamsogelea yule mwanamume.

"Mwanangu," alimwambia, "mteja akija kwako akasema jokofu linamwaga maji sakafuni, unaziba wapi?"

Fundi wa majokofu akakunja uso. "Halizibwi. Lina tundu nyuma, linakuwa limeziba. Unalizibua."

"Na ukiliziba zaidi?"

Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu, nusu tu. Lakini tabasamu halikuondoa ukweli kwamba aliona maji usoni mwa mama yake. Akatoa neno lake, wala hakulitoa kwa ukali. Gari ataliacha. Alhamisi saa mbili asubuhi wanaondoka kwenda hospitali. Kama dirisha litakuwa linaingiza hata tone moja, bati litapigwa hapohapo, asiombwe tena.

Alimbeba mama yake kama mtoto, akampakia kwenye gari la rafiki yake aliyekuja kuwachukua, na Mama Kikombe akashusha kikombe.

Pembe ya mbele kulia ilipitisha maji. Mbele kushoto iligoma kidogo, akatoa kifurushi cha majani yaliyooza na mdudu mmoja aliyekufa, ikapitisha. Nyuma kulia ilipitisha. Nyuma kushoto akamimina, akapiga goti, akatega sikio. Kimya. Akaingiza uzi wa plastiki. Uzi uliteleza bila kugota popote, ukaenda, ukaenda, lakini chini karibu na gurudumu haukutokea. Akamimina kikombe cha pili. Kimya tena. Jua la Jumanne likaisha hivyo.

Jumatano aliamka mapema, akasali sala zake, akarudi. Safari hii hakutega sikio chini. Aliliweka kwenye nguzo yenyewe ya nyuma, ubavu wa uso umebanwa kwenye plastiki, akamimina kwa mkono mwingine. Hapo akayasikia. Maji yalikuwa yanadondoka ndani ya nguzo, mahali ambapo hayakutakiwa kusikika kabisa. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye kiungo chake huko juu. Kila tone lililoingia pembe ile lilikuwa linamwagwa ndani ya gari.

Na mipira haichomoki yenyewe. Alikumbuka sasa maelezo aliyoyatoa yule mwanamume alipoleta gari: mwezi uliopita lilikuwa linadondosha kidogo tu, akalileta gereji hiyohiyo wakati Mama Kikombe amekwenda msibani, na baada ya kutengenezwa likazidi. Wakati ule shemeji alikuwa amejitapa kwa wiki nzima kwamba kazi ya kikombe ya siku mbili yeye ameimaliza kwa kompresa dakika mbili. Upepo wa kompresa unajaza matairi. Ukiupuliza kwenye kijitundu chembamba kama kile, uchafu unapigilia chini na mpira unaruka juu.

Mafundi sita walikuwa karibu, mmoja wao ndiye aliyeuliza habari za mbolea miaka ile. Angelisema kwa sauti, shemeji angetaniwa mpaka mwaka ugeuke. Na haki ya kulisema alikuwa nayo. Mama Kikombe aliuma mdomo wa chini kama anavyouma uzi, akaenda upande wa pili wa gereji, akamwambia shemeji taratibu kwamba anaomba sikio lake.

Shemeji akaja anafuta mikono. Mama Kikombe akampa nafasi yake kwenye nguzo, akamimina kikombe. Shemeji alisikiliza. Alibaki ameinama muda mrefu kuliko maji yalivyodondoka. Alipoinuka shavu lake lilikuwa na vumbi.

"Upepo wangu huo," alisema.

"Mimi nilimwogesha mwalimu mkuu na suti yake, mbele ya shule nzima," akamwambia. "Wewe umemlowesha bibi mmoja. Bado sana kunifikia, shemeji."

Hakucheka mara moja. Alizunguka gari, akarudi, akauliza aanze kufungua wapi. Siku ile injini mbili zilimsubiri. Yeye mwenyewe, mwenye gereji, alipiga magoti kwenye kiti cha nyuma akafungua plastiki ya nguzo kwa bisibisi, klipu moja moja, huku Mama Kikombe akimwambia pole pole, pole pole, hiyo si boneti. Kitambaa cha paa Mama Kikombe alikishusha kona moja tu, kwa mikono yake, asimwachie mtu. Mpira waliukuta umening'inia, ncha imekakamaa kama ukucha. Aliikata ncha hiyo upana wa vidole viwili, akaulainisha kwa maji ya moto ya chupa yake ya chai, akausukuma kwenye kiungo mpaka ukakaa, akaufunga kibanio cha chuma. Chini kabisa, karibu na gurudumu, mpira ulikuwa na mdomo uliobana kama wa bata, na hapo ndipo palipokuwa na ule uchafu uliopigiliwa na upepo. Aliukamua kwa vidole kama mtu anayekamua chunusi, ukatoka donge la tope.

Akamimina. Tiririri, nyuma ya gurudumu. Akamimina tena. Akamimina vikombe kumi na viwili, shemeji akiwa amelala chini ya gari anahesabu kwa sauti, na katika vyote hakuna kilichopotelea njiani. Akafuta reli, akapaka poda, akavuta gazeti pande zote nne. Kitambaa akakibandika upya, na mahali pa doa akashona kipande kingine kwa mkono, kwa mishono midogo ambayo hata mwenye macho mazuri angelazimika kutafuta. Jioni alipofunga kona yake, bati lilikuwa bado limeegemea ukutani. Hakuligusa. Alhamisi haijafika.

Alhamisi ilikuja na mvua. Haikuwa manyunyu. Ilianza kabla ya mapambazuko na saa moja asubuhi bado ilikuwa inapiga mapaa ya mabati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Mama Kikombe alifika gereji mwavuli umepinduka, sketi imelowa hadi magotini, na jirani yake wa nyuzi na vifungo yuko nyuma yake. Alisema ameleta uzi mweusi, ingawa hakuna aliyeagiza uzi mweusi. Gari lilikuwa limelala nje, palepale lilipoachwa, chini ya mvua yote. Mama Kikombe hakulifungua. Alisema mwenyewe ndiye atakayelifungua.

Fundi wa majokofu alifika saa mbili kasorobo, mama yake amebebwa mikononi, amefunikwa turubai dogo. Akamweka mama chini ya paa la gereji kwenye kiti cha shemeji, akachukua ufunguo. Alifungua mlango, akaingia, akapapasa kitambaa kwa kiganja, pembe moja baada ya nyingine, akapapasa kiti, akapapasa zulia, akainua zulia. Akatoka akapiga magoti kwenye maji karibu na gurudumu la nyuma, na hapo akaona uzi mwembamba wa maji unadondoka nje, bila kukatika. Aliutazama kama anavyotazama jokofu lililokubali. Kisha akaenda ukutani, akalichukua lile bati, akalilaza juu ya pipa la maji la Mama Kikombe, likawa kifuniko.

Shemeji ndiye aliyesema. Hakuna aliyemlazimisha. Alimwambia yule mwanamume mbele ya mafundi wote kwamba kompresa yake ndiyo iliyochomoa mpira, na kwamba anaomba radhi kwa mama. Mafundi hawakucheka. Fundi wa majokofu akampa mkono.

Wakamlaza mkunga kitini mwake, wakamfunika, wakakivuta kipazia nyuma. Mvua ilikuwa inapiga kioo, matone makubwa yanapasuka juu ya uso wake na hakuna hata moja linalomfikia. Macho yake yalikuwa yamefunguka yote. Lakini tope la mapaa na majani yaliyolowa yalikuwa yamegandia pale juu, yanamzibia nusu. Mama Kikombe aliliona hilo. Akatoa kitambaa kwenye aproni, akapanda kwenye ukingo wa mlango kwa miaka yake yote ile, akainama juu ya paa kwenye mvua, jirani amesimama nyuma anamshikilia mwavuli na kumwambia ataanguka. Akafuta. Akafuta mpaka kwenye pembe. Kutoka ndani, kupitia kioo, mkunga aliuona uso wa mwanamke umegeuka juu chini, umelowa, unamtazama. Mdomo wake wa upande mmoja ukapanda.

"Maji," alisema mkunga. Mwanawe akashtuka akamgusa shavu. Lilikuwa kavu.

Alipowasha gari aliteremsha kioo cha pembeni, akamuuliza Mama Kikombe kama kuna jambo lolote analotaka, mbali na malipo, aseme tu.

Mama Kikombe alikamua kitambaa chake, akakikunja pembe kwa pembe.

"Siku za hospitali mkipita hapa," alisema, "simama kidogo nimfutie kioo."